Ua la Mlimau Juu ya Mti Mwekundu

Vumbi la mti wa mukula halitoki. Unaweza kufua kitambaa mara tatu kwa sabuni ya kipande, ukakianika juani siku nzima, na jioni ukikikunja utauona wekundu umejificha kwenye pindo. Nilikulia ndani ya vumbi hilo. Mpaka leo nikifumba macho, kabla usingizi haujanichukua, kitu cha mwisho ninachokiona ni miale ya jua ikipita kwenye matundu ya bati la karakana ya baba yangu, kule Panda, Likasi, na ndani ya kila mwale vumbi jekundu linaelea taratibu, halipandi wala halishuki.

Karakana ni neno kubwa. Kilikuwa kibanda alichokiegemeza kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi wa migodi. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye useremala wa kampuni, akiwatengenezea wakubwa meza na makabati, mpaka kazi ikapoa na watu wakarudishwa nyumbani. Alirudi na vyombo vyake kwenye baiskeli, akaegemeza bati ukutani, na kesho yake asubuhi akaanza kupiga randa kana kwamba hakuna lililotokea.

Nakshi yake ilikuwa ya kupachika mti ndani ya mti. Hakupaka rangi hata siku moja. Rangi, alisema, ni uongo wa fundi mvivu, kwa sababu kila mti umezaliwa na rangi yake, na kazi ya fundi ni kuzikutanisha rangi hizo zikae pamoja bila kugombana. Mwili wa sanduku aliutengeneza kwa mulombwa, ambao ni wa kahawia na mtulivu. Weusi aliutoa kwenye vipande vya mpingo vya meza kuukuu zilizovunjika. Wekundu ulikuwa wa mukula, mti ule ule ambao bibi zetu walikuwa wakiusaga juu ya jiwe kupata nkula, unga mwekundu wa kumpaka bibi harusi. Na weupe wake aliutoa kwenye mlimau. Nikiwa mtoto nililala mchana juu ya gunia la maranda, na katika usingizi nilisikia randa ikipita, nikadhani ni mtu anapumua.

Watu wenye nyumba nzuri za Likasi walikuja kwetu kuagiza. Ndani ya nyumba yetu wenyewe, meza ilikuwa na mguu uliofungwa kwa waya, na nguo za mama zilikaa kwenye valizi ya kadibodi chini ya kitanda. Mama alikuwa akisema mganga hajigangi, sawa, lakini hata mke wa mganga anahitaji mahali pa kuweka vikwembe vyake.

Alisema hivyo kwa kucheka, lakini kulikuwa na jambo nyuma ya kicheko chake. Siku ya kupanga mahari, wajomba wa mama walitaja walivyovitaka, na baba, kijana asiyekuwa na kitu zaidi ya mikono miwili, akaongeza kwa kinywa chake mwenyewe: sanduku la nakshi, lenye ua jeupe kwenye kifuniko. Hakuna aliyemwomba. Alilitaja tu, kwa raha ya kulitaja, na ahadi ni deni. Tangu siku hiyo alianza masanduku manne, na yote manne yaliondoka na watu wengine. Moja liliondoka nilipougua mimi. Nikiwa mdogo walinitania kwamba nimelimeza sanduku la mama na dawa juu yake, nami nililia kwa sababu niliamini.

Mama hakumdai. Ila tulipokwenda kwenye nyumba za watu, akaona sanduku zuri, aliligusa kifuniko kwa mgongo wa mkono, vile unavyompima mtoto homa, kisha akaendelea na mazungumzo. Mimi nilimwona kila mara. Nadhani baba alimwona pia.

Ugonjwa wa macho ulimjia baba kimya. Ulianza kumla pembeni, akawa anagonga bega kwenye mlango wa nyumba aliyoishi miaka yote, na tukamcheka. Tulipofika kwa daktari Lubumbashi, tuliambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki nacho kingekwenda polepole, ila kingekwisha lini, daktari hakusema. Baba akawa anaona kama mtu anayeangalia nje kupitia pazia. Saa sita mchana, jua likiwa kali, aliweza bado kupambanua kitu cheupe mbele ya kitu cheusi: shuka kwenye kamba, mlango uliofunguliwa, maziwa ndani ya kikombe. Jioni hakuona chochote.

Mwaka huo huo nilirudi kwa wazazi wangu na cherehani yangu na mabegi mawili. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, na sina hamu ya kulieleza hilo hapa. Nilishona nguo za watu barazani, nilikuwa na hasira ya karibu, na hakuna aliyeniuliza kitu, jambo ambalo nalishukuru mpaka leo. Siku moja baba alipapasa kola niliyokuwa nimemaliza kuishona, akaipitishia kidole mara mbili, akasema mkono unaoweza kukunja kona ile unaweza kukata petali.

"Kuya, mama," akaniambia. "Weye utaleta macho, minye nitaleta akili. Tutapiga ile sanduku ya mama yako mbele giza inifunge."

Kabla giza halijamfunga, yaani. Nikamjibu kwamba akili ninayo pia. Akasema tutaona.

Alitaka nini, nililijua vizuri. Alitaka kumaliza sanduku la tano, na alitaka, siku moja, saa sita mchana, alishike juani na aone kwa macho yake mwenyewe ua jeupe juu ya mti mwekundu. Weupe juu ya wekundu mzito: hicho kilikuwa mojawapo ya vitu vichache duniani ambavyo macho yake yangeweza bado kuvishika. Hakulisema sana. Lakini kila asubuhi alipoamka aliangalia kwanza upande wa dirisha, na mimi nikajua anapima kilichobaki.

Mlimau ulikuwa wa mama. Aliupanda walipopewa nyumba ile, ukatupa malimau ya chai na ya kikohozi miaka mingi, kisha ukakauka msimu mmoja bila sababu ambayo tuliielewa. Baba aliukata kigogo akakiweka chini ya kitanda kikauke, miaka na miaka, na mama alikuwa akikisukuma kwa fagio akilalamika. Tulipokipasua, kilikuwa na rangi ya siagi mpya. Sehemu iliyokuwa nzima, bila mpasuko wala mdudu, ilitosha ua moja tu.

Miezi ile ya kukata ndiyo miezi ambayo hata sasa huirudia nikiwa nimekaa peke yangu. Mvua zilikuwa zinakwisha, asubuhi zilianza kuwa na baridi, na moshi wa majani yaliyochomwa ulikaa chini juu ya njia za kambi. Baba alinifundisha kulalisha ubao mwembamba wa mlimau juu ya ule wa mukula, kuvifunga pamoja, na kuvikata vyote viwili kwa mara moja kwa msumeno mwembamba kama uzi, ukiwa umeinamishwa kidogo. Kwa njia hiyo ua na tundu lake vinazaliwa pamoja, na ukilisukuma ua ndani ya tundu linakaa kama kizibo kwenye chupa, huwezi kuingiza hata unywele. Alikaa nyuma yangu akisikiliza. Msumeno ukibadilisha sauti, alisema, "Pole," na kweli nilikuwa nimeanza kuharakisha. Mchana mrefu ulipita hivyo, yeye akisikiliza, mimi nikikata, redio ya jirani ikiimba mbali, na sikumbuki kama kuna wakati mwingine nilikuwa na furaha ya namna ile. Nililala usiku nikiota petali zinaanguka taratibu kutoka mahali pasipo na mti.

Petali saba. Tuliweka pia kamba nyembamba ya mpingo kuzunguka kifuniko. Mama alikuwa amekwenda Buluo kwa dada yake kumsaidia kuvuna mahindi, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kuficha kitu chini ya magunia kila anapopita kwenda kuanika nguo.

Ilibaki vanishi. Baba aliipaka kwa njia ya zamani: vanishi iliyoyeyushwa kwa alkoli, na kidonge cha pamba kilichofungwa kwa kitambaa, unakipitisha kwa duara, siku tatu, nne, mpaka mti ung'ae kutoka ndani. Lakini alikuwa na sheria moja kuhusu mukula, na aliirudia kila siku mpaka ikanichosha. Wekundu wa mukula hauogopi maji, ila alkoli ikiugusa unayeyuka na kutembea. Kwa hiyo kabla alkoli haijapita juu ya kifuniko, kila kipande cheupe lazima kipakwe vanishi kwanza kwa brashi ndogo, mara mbili, na kiachwe kikauke siku nzima. Yeye aliita kukilalisha.

"Kwanza ulalishe ile nyeupe," alisema. "Mukula ikilewa, haichague fasi ya kulala."

Mimi nilijua. Ningeweza kuimba sheria ile. Lakini asubuhi moja baba alijimiminia chai, na chai yote ikaenda mezani kando ya kikombe, kikombe cheupe, mbele ya dirisha. Alicheka. Mimi sikucheka. Na siku hiyo hiyo mtu wa baiskeli akaleta habari kwamba mama harudi wiki inayokuja, anarudi Jumamosi. Nikaanza kuhesabu siku. Nilipaka petali mara moja, si mara mbili, nikangoja nusu saa, si siku nzima. Halafu nikaona vumbi kidogo jekundu limebaki kwenye kona, nikachovya kitambaa kwenye alkoli nilipanguse, kidogo tu, kama anavyofanya fundi anayejiamini.

Wekundu ulianza kwenye ncha za petali. Ukaingia kwenye nyuzi za mlimau, ukapanda taratibu kuelekea katikati, na mimi nimesimama na kitambaa mkononi naangalia, kwa sababu, Mungu anisamehe, ulikuwa mzuri. Nilipozinduka nilikwangua kwa kisu. Petali zilikuwa nyembamba kama ukucha, na wekundu ulikuwa umekwisha kufika chini. Mlimau mwingine haukuwapo.

Kutoka upande wa pili wa ukuta baba akauliza kama nyeupe imelala. Nikamjibu imelala. Kisha nikaendelea kupaka vanishi siku tatu, nikazungusha pamba mpaka mkono ukafa ganzi, nikimwambia kila jioni kwamba kila kitu ni kizuri. Ningependa kuandika kwamba nilitaka kumkinga na huzuni. Hapana. Nilikuwa mwoga, mwanamke mzima, kama mtoto aliyevunja sahani.

Ijumaa, saa sita, baba aliomba kifuniko. Nilimpeleka nje, nikamkalisha kwenye kigoda, nikakiweka magotini pake. Alipitisha vidole kwanza. Vidole havikuona kosa lolote, kwa sababu kosa halikuwa na kingo. Akatabasamu, akahesabu petali zote saba kwa kucha. Halafu akainamisha kichwa, akageuza kifuniko juani, kushoto, kulia, karibu, mbali. Mashuka ya jirani yalikuwa yanapepea nyuma yangu.

"Ua iko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini. Hakuniuliza mimi.

Aligeuza tena mara kadhaa. Kisha akakiweka kifuniko chini kwa uangalifu, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Bon," akasema. "Basi njo imeisha."

Sikufungua mdomo kumwambia kwamba si macho. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alitembea kurudi ndani akipapasa ukuta kwa mkono, njia ambayo jana yake aliipita bila kugusa kitu. Mchana huo alikaa chini akatoa vyombo vyake kimoja kimoja, patasi, randa, misumeno, akavipaka mafuta na kuvifunga kwenye vitambaa, akaniambia sasa ni vyangu. Hakula bukari, ugali wetu, usiku. Nilimsikia kitandani anageuka, nami upande wangu nageuka, na kati yetu ukuta mmoja wa tofali.

Jumamosi mchana mama akafika, amechoka, na gunia la mahindi. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Tulikuwa tumeweka sanduku uani, chini ya kikwembe, na baba akasema yeye mwenyewe ndiye atakayefunua. Alifunua. Mama akasogea. Aliligusa kifuniko kwa mgongo wa mkono, kama kwenye nyumba za watu, kisha akageuza mkono, akaweka kiganja chote, na akakiacha hapo.

"Minye siione tena," baba akamwambia. "Ile ua nyeupe, uiangalie weye, kwa ajili yangu na weye."

Mama akainua macho akanitazama. Alikuwa ameona ua ni jekundu, na alikuwa ameona uso wangu. Akangoja. Kama angeniumbua pale labda ningejitetea, lakini alingoja tu, na sikuweza tena.

"Haiko macho yako, Papa," nikasema. "Ni mukono yangu. Nilipitisha alkoli mbele ile nyeupe ilale. Ua haiko tena nyeupe."

Aligeuka kwangu na nikaona hasira inampanda shingoni. Akaniita mpasua kuni. Akaniita na mengine, ya karakana za zamani, ambayo mama alimwambia anyamaze. Halafu akakomea katikati ya tusi, akageuza uso polepole kuelekea kwenye kamba ya nguo, ambako mama alikuwa ametupa kitambaa chake cheupe cha kichwani alipoingia. Akakaa akitazama huko. Akanyoosha kidole moja kwa moja mahali kitambaa kilipokuwa, akauliza kama kile cheupe ni hapo. Nikasema ni hapo. Nililia, na sikujificha.

Nilipotulia nikasema nitalitoa ua lote kwa kisu, nitatafuta mti mweupe mwingine popote, hata kama ni kwenda kwa miguu. Nilikuwa nimekwisha kushika kisu. Mama akakichukua mkononi mwangu kama anavyomnyang'anya mtoto, akaingia ndani. Tulimsikia anavuta ile valizi ya kadibodi chini ya kitanda. Akatoka na gauni lake la harusi, ambalo sikuwahi kuliona isipokuwa kwenye picha, na lilikuwa limegeuka rangi ya siagi, rangi ile ile ya mlimau. Alilikunjua. Kwenye bega la kushoto palikuwa na doa jekundu, kubwa kama kiganja, limeingia kwenye nyuzi na kufifia pembeni.

Alieleza akiwa amesimama. Usiku wa kuamkia ndoa, bibi yake alimpaka nkula na mafuta mabegani, ili asiende kwa mume na ngozi kavu. Mwalimu wa dini alikuwa amewakataza mambo hayo, na yeye alimwonea bwana harusi haya, mtu wa mjini, aliyezoea wazungu. Alfajiri alijisugua mpaka ngozi ikauma. Lakini kanisani kulikuwa na joto, jasho likatoka, na nkula ikatoka nalo. Siku nzima alishikilia shali juu ya bega. Hata kwenye picha ameshikilia shali. Watu walidhani ana baridi.

"Ile ua uiache vile iko," akaniambia. "Siku yangu ya kanisa haikukuwa nyeupe yote. Baba yako hajue."

Baba alikuwa amenyoosha mkono, na mama akampa gauni. Alilipapasa bega moja, kisha jingine, kisha kifuniko, akirudi huku na huku, akitafuta kwa vidole mahali ambapo doa linaanza, na vidole havikumwambia kitu, si kwenye kitambaa wala kwenye mti.

"Niliiona," akasema.

Mama akamwangalia.

"Siku ile macho yangu ilikuwa mizima, na nilikuwa naangalia paka weye, weye tu. Niliiona mbele hata tufike ku altare."

"Na haukusema kintu," mama akasema. "Miaka yote hii."

"Weye ulikuwa unaificha," baba akasema.

Mama alikaa chini, pale pale kando ya gunia lake ambalo halijafunguliwa. Kisha akalichukua gauni, akalikunja, bega lenye doa likiwa juu, akainua kifuniko na kuliweka ndani, kitu cha kwanza. Akaniambia niache kusimama kama nguzo, niweke maji motoni, baba yangu hajala tangu jana.